Mstari Niliouita Chumvi

Wawira, anayerithi kazi yangu, ameniambia niandike kurasa mbili za kuwaachia ninyi mnaobaki kwenye chumba cha kompyuta. Kurasa mbili! Mtu akae chuoni miaka thelathini, halafu apewe kurasa mbili kama barua ya kuomba ruhusa ya kwenda mazishini. Nitaandika mpaka nimalize. Aliye na haraka aruke hadi pale disketi zinapotoka kwenye kopo, maana hapo ndipo moyo uliponidunda nikafikiri ni presha. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa viwili na vyote vilichelewa.

Siku yangu ya kwanza nilivuliwa viatu. Chumba cha kompyuta cha chuo chetu cha ualimu hapa Embu kilikuwa na mashine tatu, kila moja imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya manjano, kazi ya mke wa mkuu wa chuo. Ulikuwa unavua viatu mlangoni, unanawa mikono, ndipo unaruhusiwa kufunua kitambaa. Mimi nilikuwa nimetoka Meru asubuhi hiyo, nimeagwa na mama yangu pale sokoni Gakoromone alikokuwa akiuza kabeji, na soksi yangu ya kulia ilikuwa na tundu la kutosha dole gumba kuchungulia. Aliyenipokea alikuwa Mwalimu Ireri, mkuu wa idara ya lugha, mtu mrefu wa Manyatta aliyepewa funguo za chumba hicho kwa sababu hakuna mwingine aliyezitaka. Aliliangalia dole langu, akaniangalia usoni, akasema, "Karibu, Kagendo. Hizi mashine zinaogopa vumbi. Soksi haziziogopi."

Nilimpenda mzee huyo kuanzia hapo. Yeye kompyuta hakuijua, lakini kazi aliijua. Alinifundisha jambo ambalo hakuna kozi iliyonifundisha: kila kitu unachokiandika, kiweke mara mbili. "Moja weka hapa," aliniambia, "na nyingine weka mahali ambapo wewe mwenyewe utapasahau." Basi nikatafuta kopo kubwa la kakao, nikawa natia disketi zangu humo, nalipeleka nyumbani na kuliweka juu ya kabati. Mume wangu alilalamika miaka mingi kwamba katika nyumba hii kuna kopo la kakao na hakuna kakao.

Niwape kesi moja ngumu ya miaka ile ili mjue tulikotoka. Niliandika programu ya kupanga majina ya wanafunzi, ikakubali Waembu wote, ikakubali Wambeere wote, ikafika kwa watoto wa wazee wa Meru ikaanguka chali. Wote wenye majina ya M'Ikiugu na M'Mwirichia ikawakataa, kwa ajili ya kile kialama kidogo baada ya M. Wiki nzima Wameru walizunguka chuoni wakisema kompyuta imefundishwa ukabila. Na anayeshtakiwa ni nani? Mimi, Mmeru mwenzao! Nililala na kitabu cha maelekezo kifuani siku tano mpaka nikapata dawa.

Sasa tuje kwenye Tuzo. Mwalimu Ireri ndiye aliyeanzisha shindano la hadithi fupi kwa wanafunzi wa vyuo na shule za Meru na Embu. Zawadi ilikuwa kamusi, na hadithi iliyoshinda ilipigwa chapa na kusomwa madarasani mwaka mzima. Jamani, msicheke kamusi. Nimeona mtu mzima akilia kwa kuikosa. Na ugomvi wake! Majaji walikuwa watano, na jaji wa Embu akijua hadithi ni ya mtoto wa Meru, kalamu inakauka ghafla. Wa Meru naye ni hivyo hivyo. Tukatafuta njia. Mimi nilizipiga chapa hadithi zote mwenyewe kwenye kompyuta, ili jaji asiutambue mwandiko wa mwanafunzi wake, na badala ya jina nikaweka nambari. Daftari la majina lilikaa kwangu tu. Kisha programu yangu ilichukua alama za majaji watano, ikatupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, ikatafuta wastani wa tatu zilizobaki. Kwa hiyo ukimpendelea mtu wako kupita kiasi, alama yako inatupwa. Ukimchukia wa jirani kupita kiasi, inatupwa pia. Nilijivunia programu ile kuliko hata gauni langu la harusi.

Ukaja mwaka mmoja wa uchaguzi. Ninyi mmezoea kugombania siasa kwenye simu, mnatupiana maneno halafu mnaendelea kula. Sisi tuligombana ana kwa ana. Kwenye chumba cha walimu kulikuwa na mabirika mawili ya chai, moja kwa kila chama, na mtu hangeweza kumimina kutoka birika la wenzake. Wiki ya kusahihisha Tuzo, Mwalimu Ireri alikuja chumba cha kompyuta, akavua viatu, akafunga mlango.

"Kagendo," akasema, "kwenye fomu yangu ya mwenyekiti nimeweka kisanduku kidogo pembeni. Nikikitia alama ya penseli, ile hadithi ipunguzwe alama kumi. Baada ya wastani. Na isionekane kwenye karatasi ya matokeo."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Ni siasa. Mkuu ameniambia hadithi ya siasa ikishinda mwaka huu, Tuzo inafungwa. Tunatia chumvi kidogo tu."

Nilimwangalia. Huyu ndiye aliyenipokea nikiwa na soksi iliyotoboka. Nikasema, "Sawa. Nani atajua?" Nikaandika mstari mmoja, na kwa kuwa sikujua niuite nini, nikauita chumvi. Ilinichukua dakika nne. Nilikuwa nimevaa soksi nzima siku hiyo, na bado nikiukumbuka ule mchana naona aibu mpaka kwenye vidole.

Miaka ikaenda. Disketi zikafa, vitambaa vya kufuma vikafa, mashine zikawa arobaini, viatu vikaruhusiwa. Mwalimu Ireri akastaafu akarudi kwenye kahawa yake. Programu ya Tuzo niliihamisha kutoka mashine hadi mashine bila kuifungua, na mwenyekiti aliyefuata hakuambiwa kisanduku kile ni cha nini, kwa hiyo hakikutiwa penseli tena. Mimi nikasahau. Hapana, wacha niseme ukweli, nimestaafu na hakuna wa kunifukuza. Sikusahau. Nilijizoeza kutoangalia upande ule.

Mwaka huu, wiki zangu nne za mwisho, ndipo Wawira akaletwa achukue kiti changu. Mnamjua: msichana wa Kimbeere mwenye miaka ishirini na sita, anachapa kwa vidole kumi huku anaongea. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuihamishia programu ya Tuzo kwenye mtandao. Nikamwambia itachukua miezi mitatu, kwa sababu imeandikwa kwa lugha ambayo wanaoijua tumebaki mimi na labda mzee mmoja wa Nairobi. Akacheka. "Madam, tumpatie AI aisome."

Sasa hapa lazima niseme maoni yangu, maana najua baadhi ya walimu wa chuo hiki wanaiita akili mnemba mwisho wa dunia. Mimi nilipoiona ikifanya kazi nilisimama! Nilisimama kabisa, nikashika kichwa! Wawira alibandika mistari yangu elfu mbili pale, na kabla sijamaliza kupuliza chai, ile akili mnemba ikawa inaeleza: sehemu hii inapokea alama, sehemu hii inatupa ncha mbili, hii inapanga majina, na hapa mwandishi aliweka njia ya ustadi ya kushughulikia majina yenye M na kialama. Ya ustadi! Miaka yote hiyo hakuna binadamu aliyewahi kuniambia hivyo. Nilitaka kuinunulia soda. Wawira akasema, "Si nilikuambia, hii kitu ni noma," nami nikamwambia iendelee, iendelee, nikavuta kiti karibu kama mtu anayesikiliza kisa chake mwenyewe redioni.

Ikaendelea. Wawira akawa anasoma kwa sauti: "Baada ya wastani, kuna thamani inayoitwa chumvi. Hupunguza alama kumi kwa hadithi yoyote iliyowekewa alama na mwenyekiti. Upunguzaji huu hauonyeshwi kwenye ripoti. Je, ungependa niuhifadhi kwenye toleo jipya?"

Akaondoa vidole kwenye kibodi. Chai yangu ikawa baridi mkononi.

"Madam Kagendo. Hii ni nini?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema ni wa majaribio, tukaufuta, nikastaafu na keki yangu. Na hapo ndipo ninapowaambia kwamba mashine hii haitawaharibu ninyi, itawaumbua. Mstari ule niliuandika mimi, nikaupa jina la jikoni ili usitishe mtu, na mashine ikausoma ulivyo, bila kumheshimu wala kumwogopa mtu. Nikamweleza Wawira yote. Hakunihukumu. Aliuliza swali moja tu, swali la mtu wa kompyuta: "Alama za zamani ziko?"

Zilikuwako. Tulizipitia zote bila chumvi. Kisanduku kilitiwa penseli kwa hadithi nne. Tatu zingeshindwa tu, chumvi au hakuna chumvi. Ya nne ilikuwa na themanini na nne, na iliyopewa Tuzo mwaka ule ilikuwa na sabini na tisa. Nikafungua daftari la majina. Salome Gatwiri, wa Mitunguu. Nilimkumbuka: mwanafunzi wa mwaka wa pili, mwembamba, aliyekuja mlangoni kwangu siku ya matokeo akauliza kama kuna karatasi iliyopotea. Nilimwambia hakuna.

Na muda wenyewe! Kamati ya Tuzo ilikuwa imekusanya hadithi zote zilizowahi kushinda kuwa kitabu kimoja cha kusomwa shuleni, na ukurasa wa kwanza ulisema kitabu hiki ni kwa heshima ya Mwalimu Ireri. Kilikuwa kinakwenda kwa mpiga chapa Ijumaa saa sita mchana. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Kikishachapwa bila hadithi ya Salome, basi imekwisha, hakuna atakayechapa kingine tukiwa hai.

Alhamisi asubuhi tulikuwa Manyatta. Mwalimu Ireri alikuwa kwenye kahawa yake, ana miaka themanini na kitu, ndoo mkononi, anachuma mbivu tu na kuziacha mbichi kwa subira ambayo mimi sina. Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, kisha nikashindwa kuzunguka zaidi.

"Mwalimu, unaikumbuka chumvi?"

Alichuma kahawa mbili, tatu. "Nilidhani ilikufa na ile mashine."

"Haikufa. Wawira ameisoma jana."

"Huyu binti anajua ile lugha ya zamani?"

"Hajui, guka," Wawira akajibu. Guka ni babu, na alimwita kwa adabu kabisa. "Kompyuta ndio imenisomea."

"Basi hiyo kompyuta yenu haina adabu," akasema, lakini alikaa chini, juu ya debe. "Kagendo, ulikuwepo. Watu walikuwa wanakunywa chai kwa vyama. Ningeacha Tuzo ifungwe?"

"Ungeandika kwenye kanuni wazi kwamba hadithi za siasa hazitakiwi. Tungegombana nawe, tungekutukana hata, lakini kila mtu angejua."

"Na mkono uliouandika ule mstari ulikuwa wa nani?"

Nilihisi uso unawaka. "Wangu, Mwalimu. Ndiyo maana sikumtuma mtu. Nimekuja mwenyewe."

Nikamtajia Salome na zile alama themanini na nne. Kisha mzee akatoa simu yake ya vibonyezo mfukoni mwa koti, akampigia mwenyekiti wa kamati mbele yetu, sauti kubwa kama anaita mtu ng'ambo ya bonde. Alisema mambo mawili: jina lake litolewe ukurasa wa kwanza, na nafasi ya hadithi moja ibaki wazi mpaka kesho saa sita. Mwenyekiti akauliza kwa nini. "Kwa sababu nilipunja," akasema Mwalimu Ireri, akakata. Kisha akaomba karatasi na kalamu, akaandika akiwa ameweka karatasi juu ya goti, akaikunja mara mbili. "Mpe Salome," akaniambia. "Usisome."

Sikusoma. Nilitaka sana.

Kilichobaki kilikuwa hadithi yenyewe. Chuoni hakukuwa na nakala, hadithi zilizoshindwa tulizichoma kila mwisho wa mwaka. Lakini juu ya kabati langu palikuwa na kopo la kakao! Mume wangu ndiye aliyepanda kwenye kiti kulishusha, na kabla ya kunipa akanusa kama kuna kakao. Disketi ishirini na tatu, kila moja na mwandiko wangu wa ujana. Ile ya mwaka ule ilikuwa ya kumi na sita.

Mnajua kutafuta mashine ya kusoma disketi siku hizi? Jaribuni. Embu nzima hakuna. Nikakumbuka fundi mmoja wa redio nyuma ya soko la Gakoromone, hatua chache tu kutoka mahali mama yangu alipokuwa akipanga kabeji zake, mtu ambaye hajawahi kutupa kitu tangu azaliwe. Tulifika Meru alasiri. Fundi alitoa kisomeo cha disketi kutoka kwenye sanduku lililokuwa chini ya televisheni sita, akakipangusa kwa shati lake, akakiunganisha. Krrr, krrr, krrr. Wawira alishtuka, akadhani kimevunjika. Mimi nilipiga makofi! Mwanamke wa miaka sitini, katikati ya vitunguu na viazi vya watu, napiga makofi kwa sababu ya krrr!

Faili likatoka, lakini likiwa na maandishi ya mzimu tupu, maana programu niliyolipigia chapa haipo tena duniani. Wawira akaketi juu ya gunia, kompyuta magotini, akamweleza yule msaidizi wa AI shida yetu, naye akaandika programu ndogo ya kulifungua. Mara ya kwanza ikakataa. Wawira akamwambia kilichotokea, naye akarekebisha. Mara ya pili herufi zikaanza kushuka kwenye kioo, Kiswahili safi, sentensi kwa sentensi, na juu kabisa: "Zamu ya Maji." Niliisoma nikiwa nimesimama. Ilikuwa juu ya kijiji cha Mitunguu chenye bomba la kunyunyizia migomba, na mtu wa kufungua koki anayewanyima maji wote ambao hawakumpigia kura diwani wake. Mama mmoja migomba yake inakauka wiki baada ya wiki. Na hii ndiyo tuliyoiita siasa! Mtu ameandika kiu, sisi tukasema siasa!

Ukurasa wa mwisho haukufunguka. Disketi ilikuwa imeoza pale, tukapata alama za maswali na miraba mitupu. Kabla sijasema kitu, Wawira alikuwa ameshamwomba msaidizi aumalizie. Akanionyesha. Koki inafunguliwa, maji yanapiga kelele kwenye mifereji, majirani wa vyama vyote wanashikana mikono na kuimba. Mimi nawaambia ukweli: ulikuwa mzuri.

"Tuiweke tu hivi, Madam," Wawira akasema. "Kesho saa sita si mbali. Nani atajua?"

Aai! Maneno yale! Nilimwambia azime kompyuta twende zetu, na kwamba asubuhi tutakuwa Mitunguu. Alinuna mpaka nyumbani kwa dada yangu tulikolala. Mimi sikumweleza kwa nini, na nilipaswa kumweleza, kwa hiyo namweleza sasa hapa mbele yenu wote: Wawira, ulisema maneno yangu yaleyale, na kwa sababu njema kama yangu.

Ijumaa saa tatu, kwa kuulizia njiani, tulimpata Salome kwenye kituo cha kukusanya ndizi, mwanamke wa makamo sasa, amefunga leso kiunoni, anaichambua mikungu na kuwaamuru wapakiaji wawili wanene bila hata kuwaangalia. Nilijitambulisha. Akanikumbuka papo hapo, akanisalimu kwa Kimeru.

"Madam wa kompyuta! Muga! Umekuja kununua ndizi?"

"Nimekuja kukuambia kulikuwa na karatasi," nikasema. "Siku ile uliponiuliza."

Nikamweleza, nimesimama kati ya mikungu, sikuficha hata dakika zile nne. Kisha nikampa karatasi ya Mwalimu Ireri. Aliisoma, akaigeuza kunionyesha. Ilikuwa imeandikwa kama anavyoandika kwenye karatasi za mtihani, nambari ndani ya mviringo: 84. Chini yake, "Hongera. Nisamehe. Ireri." Basi.

Salome alikaa juu ya kreti. Wapakiaji wakaacha kazi.

"Nilidhani niliandika vibaya," akasema. "Miaka yote hii. Nilijiambia, Salome, wewe uko na mdomo wa sokoni, huna mkono wa kitabu. Nikawacha. Madam, nilikuwa na zingine tatu kwenye daftari. Niliwashia moto nazo."

Nilisema pole, na pole ikatoka ndogo. Wawira ndiye aliyetuokoa, mtoto mzuri yule, ingawa alianza vibaya: alimweleza habari ya ukurasa uliooza, akamsomea ule mwisho wa mashine. Salome alisikiliza mpaka pale majirani wanaposhikana mikono, akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

"Wanaimba? Watu wa zamu ya maji wanaimba? Hapa Mitunguu? Hiyo kompyuta yenu haijawahi kusimama kwa mfereji na jembe saa yake ikipita. Sisi tunatukanana!"

"Sasa mwisho wako ulikuwa gani?" nikauliza. "Unaukumbuka?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kama anawakumbuka watoto wake. "Na uandike basi. Wewe si ndiye uliyeipiga chapa mara ya kwanza?"

Wawira akanipisha. Ilikuwa saa nne na nusu. Niliweka kompyuta juu ya kreti la ndizi, nikapangusa mikono kwenye sketi, na bila kufikiri nikavua viatu. Salome akafumba macho, akasoma kutoka kichwani, polepole, akiningojea kila nikibaki nyuma, na vidole vyangu vya kizee vilikuwa vinaruka! Uchaguzi unapita, koki inafunguliwa kwa wote, maji yanafika mpaka mlangoni kwa yule mama. Lakini asubuhi anachukua mtungi wake na kushika njia ya mtoni, mwendo wa saa nzima, na binti yake anamkimbilia akimuuliza mbona anakwenda mbali na maji yamerudi.

"Anamjibu," Salome akasema, "'Haya ya bomba yanajua nilimpigia nani kura. Ya mto hayajui.' Nukta. Imeisha."

Nikaweka nukta. Nikaihifadhi mara mbili. Wawira akaituma kutoka kwenye simu yake, ameinua mkono juu kutafuta mtandao, na saa tano na dakika kumi mwenyekiti akajibu kwa neno moja: imefika. Nilipiga kelele, wapakiaji wakapiga kelele bila kujua ni za nini, na Salome akaniuliza kama kuna daftari kwenye mkoba wangu. Lilikuwepo, lile la majina ya Tuzo, na nyuma lilikuwa na kurasa nyingi ambazo hazijaandikwa. Alizichana zote kwa uangalifu, akazikunja, akazitia ndani ya leso pamoja na ile karatasi ya themanini na nne, kisha akaomba na kalamu.